Chuma Safi

Siku ile baba alirudi kutoka kazini akiwa na furaha ya mtu aliyemkamata mwizi kabla hajaiba. Alinawa mikono mpaka kwenye viwiko, akakaa, na maharage yalipowekwa mbele yake hakuyagusa. Alikuwa na neno, na lilikuwa linamwasha ulimini kuliko njaa.

"Mama," alimwita bintiye. Ndivyo alivyomwita tangu azaliwe, kwa kuwa alipewa jina la bibi yake mzaa baba, na baba hakuweza kulitamka jina hilo kavukavu. "Wale vijana wako hawakupendi."

"Vijana gani tena, baba?"

"Wa kikosi chako. Wanakuchekea usoni, moyoni wana lao."

Binti aliendelea kula. Kazini walimwita Bi Waya, kwa jinsi vidole vyake vilivyokuwa vyepesi kufunga waya kwenye nondo, na tangu awe nyapara wa kikosi cha nondo kwenye barabara ya zege, kikosi ambacho baba yake naye alifanya kazi, alikuwa amezoea kuambiwa nani anampenda na nani hampendi. Mwanamume kuamrishwa na mwanamke, tena juani, tena ameinama, si jambo linalomwingia kila mtu. Hata hivyo kazi ilikuwa inakwenda, na yeye alikuwa hatafuti mapenzi kule.

"Leo nimefika alfajiri," baba aliendelea, "mlinzi hata hajakunja godoro lake. Nikapita pale ambapo zege lilikuwa lije kumwagwa asubuhi. Si unazijua zile nondo fupi nene, zile laini, zinazolazwa kwenye viungio? Nimezikuta zimepakwa grisi. Zote. Na kwa uvivu wao wamepaka nusu nusu. Yaani hata uovu hawawezi kuumaliza."

Mama yake Bi Waya alicheka kidogo, kwa kuwa mumewe alikuwa anacheka. Bi Waya hakucheka. Mkono wake ulisimama juu ya sahani.

"Nikasema, hawa wamefanya makusudi. Wanataka injinia akija aone chuma kichafu, aseme huyu mwanamke hajui kazi. Basi nikachukua mafuta ya taa stoo, nikachukua gunia kuukuu, nikazifuta moja moja. Nimezisugua mpaka zikang'aa. Zege lilipokuja likakuta chuma safi."

"Ulimwambia mtu, baba?"

"Nimwambie nani, nianzishe ugomvi? Mtu mzima akiona uchafu anafagia, hapigi mbiu." Hapo ndipo alipovuta sahani yake. "Nimekwambia wewe tu, ujue unaishi na watu gani."

"Ahsante, baba," alisema Bi Waya.

Baba akala kwa hamu mpaka akaomba nyongeza. Bi Waya alikuwa anamtazama, sahani yake ameisukuma kando.

Sasa lazima nieleze jambo hili, maana asiyelijua anaweza kuona mzee alifanya vyema. Nondo za wavu, zile zinazotandazwa juu ya vigoda vidogo vya chuma ili zege likimwagwa zikae ndani yake zisilale chini, hizo zinatakiwa ziwe safi, zege lizing'ang'anie. Mzee hakukosea hapo. Lakini kwenye kila kiungio, pale bamba moja la zege linapokoma na jingine linapoanza, hulazwa vyuma vifupi, nusu ndani ya bamba hili na nusu ndani ya lile. Kazi yake ni kuyafanya mabamba yabebane lori linapopita, moja lisididimie na jingine likabaki juu. Ila zege hupanuka likipigwa na jua, na likipoa hujikunja. Kwa hiyo nusu ya kila chuma hupakwa grisi, ili zege liteleze juu yake kama mguu unavyoingia na kutoka kwenye buti. Pasipo grisi, zege hukibana chuma pande zote mbili, na siku litakapotaka kujikunja litakosa njia. Litapasuka, na maji yataingia kwenye ufa, na malori yatamalizia.

Mzee alikuwa fundi nondo wa majumba maisha yake yote. Nguzo, mihimili, ngazi, dari za ghorofa, hakuna alichokuwa hajakifunga. Kwenye majumba tone la mafuta juu ya nondo ni dhambi. Alishawahi kumfukuza kibarua aliyeshika nondo na mikono iliyotoka kushika nyama ya mafuta, na hadithi hiyo alikuwa anaisimulia kwa fahari. Barabara ya zege alikuwa hajawahi kuigusa. Waswahili walisema mzoea punda hapandi farasi, lakini hawakusema nani amwambie kwamba huyu aliyempanda ni farasi.

Wa kumwambia alikuwa Bi Waya. Siku ya kwanza baba yake alipoingia kikosini alijaribu. Walikuwa wamesimama wote, vijana wanavaa glavu, na yeye akaanza, "Baba, huku barabarani kuna vyuma vingine ambavyo huwa..." Mzee alimkatiza kwa kicheko. "Jamani, sikieni huyu. Mimi ndiye niliyemshika mkono akafunga waya wake wa kwanza, leo ananifundisha nondo." Kikosi kizima kilicheka, kwa upendo tu, kwa sababu mzee alipendeka. Bi Waya naye alicheka. Akampanga kwenye wavu, mbali na viungio, akajiambia kwamba atamweleza siku nyingine, wakiwa wawili. Siku hiyo haikufika. Kila alipoikaribia aliona aibu, akaiahirisha, na aibu hiyo aliiita heshima.

---

Asubuhi alipokuwa anachemsha maji ya chai, mama yake aliingia jikoni akasimama nyuma yake.

"Ni ile grisi, siyo?"

"Umejuaje?"

"Nilikuona jana mkono ulivyosimama. Ameharibu?"

"Ameharibu viungio vyote vya jana asubuhi. Na vyuma ni mimi niliyevipaka, mama. Kwa mkono wangu, juzi jioni, injinia akakagua akaridhika. Jana asubuhi nilitakiwa nipite tena kabla ya zege, lakini lori la nyavu lilikuwa limefika upande wa pili, nikaenda kulipokea. Sikupita."

Mama yake alichukua vikombe akavipanga, akavipangua, akavipanga tena. "Haionekani?"

"Imefunikwa. Haionekani mpaka ipasuke."

"Ikipasuka lini?"

"Labda msimu ujao wa baridi. Labda baadaye."

"Basi mtakuwa mmeshamaliza, mmehama."

Bi Waya alitia majani ya chai kwenye maji. Alikuwa ameshalifikiria hilo mpaka likamchosha. Wangesema saruji ilikuwa mbovu, ndivyo watu wanavyosema siku zote. Lakini aliyemlea kazini alikuwa baba yuleyule aliyelala chumba cha pili, na neno lake kubwa lilikuwa kwamba nondo ukishaifunika huwezi kuirudia, kwa hiyo ukijua imekaa vibaya ni afadhali uitwe mchelewaji kuliko kuificha. Hakujua kuliasi.

"Nitamwambia injinia," alisema.

"Basi baba yako usimtaje." Mama aliishika kanga yake kifuani. "Nakuomba. Wewe ulikuwa unakwenda kazini, mimi ndiye niliyekaa naye hapa miaka yote ile walipomwambia amezeeka. Unakumbuka alivyokuwa anaomba ruhusa kuwasha redio? Redio yake mwenyewe. Anasimama hapo mlangoni, 'Mke wangu, naweza kuwasha?' Na hela ya kunyoa ndevu alikuwa ananiomba huku anatazama ukuta. Sasa hivi anaamka kabla ya jogoo, anaimba bafuni. Ukimrudisha kwenye ule mkeka aliokuwa anashinda amelala, hatainuka tena."

Kutoka chumbani mzee alisikika akikohoa, akiulizia soksi zake za kazini. Mama yake Bi Waya akaondoka kumtafutia.

---

Injinia alikuwa kijana mwenye kikohozi cha vumbi kisichoisha, mtu wa adabu, ambaye hakupita mbele ya mzee hata siku moja bila kumwamkia. Bi Waya alimkuta kwenye kontena lililokuwa ofisi, anafungua chupa ya dawa ya kikohozi.

"Viungio vya jana asubuhi havina grisi," alimwambia, kabla hajakaribishwa kiti.

Injinia aliweka kifuniko mezani. "Nilivikagua. Vilikuwa nayo."

"Vilikuwa nayo. Upepo ulileta vumbi ikashika mchanga, nikaifuta ili nipake upya. Likaja lori la nyavu, nikaenda. Nilisahau."

"Wewe?"

"Mimi."

"Uliifuta yote, ukasahau yote."

"Yote."

Injinia alimtazama. Bi Waya alikuwa na sura ya mtu asiyesahau, na sura hiyo ndiyo iliyompatia unyapara. "Ungenyamaza, nani angejua?"

"Zege lingejua, injinia."

Kijana alikohoa mpaka machozi yakamtoka. Alipopata pumzi alisema kwamba anamshukuru kwa kusema, ila zege lile litakatwa na kuvunjwa, na wenye kampuni watauliza aliyesababisha amefanywa nini, naye hana jibu zaidi ya moja. "Unyapara unauacha kuanzia leo. Kikosi atachukua Mapengo. Wewe utakwenda kwenye kumwagilia. Usione nakuonea."

"Sioni."

Na kweli hakuona. Kilichomuuma kilikuwa kitu kingine. Kumwagilia ilikuwa kazi ya wasio na kazi. Zege bichi hufunikwa magunia, na magunia hayatakiwi kukauka, kwa hiyo kuna watu wanaoshinda juani na ndoo, wanakwenda na kurudi, wanamwaga maji juu ya magunia kama wanaobatiza. Ujira wake ulikuwa mdogo kiasi kwamba watu hawakuutaja kwa sauti. Mapengo, aliyekuwa mkubwa wa vijana na mcheshi kwa sababu ya meno yake, alipokabidhiwa kikosi hakufanya mzaha wowote. Alimjia Bi Waya akamwambia kwa sauti ya chini, "Dada, hivyo vyuma hukuvifuta wewe."

"Nimevifuta mimi, Mapengo."

"Sawa. Mimi nasema tu."

Mbele ya maduka wateja wa kila siku wa barabara ile, wale waliokuwa wanakuja kuitazama kama sinema, walimwona na ndoo. Mwenye duka la vipuri, aliyekuwa anamwita bosi kila asubuhi na kumtania kwamba atamwoa amjengee uzio wa nondo, alimtazama akipita, akajifanya anahesabu plagi. Hilo lilimchoma kuliko angecheka.

Baba yake alikuwa mbele, kwenye wavu. Alipoinua kichwa kunyoosha mgongo alimwona bintiye ameinama juu ya magunia, anamwaga maji. Akadhani anamsaidia mtu. Akaendelea na kazi. Alipoinua kichwa mara ya pili, bintiye alikuwa bado pale.

---

"Nimekuona na ndoo," alisema jioni ile.

"Nimekosea kazini, baba. Nimebadilishiwa."

"Umekosea nini?"

"Kuna vyuma sikuviandaa vizuri."

"Vyuma gani? Mimi si nilipita..."

"Baba, yamekwisha. Naomba tusiyazungumze."

Alikuwa hajawahi kumkatiza baba yake maneno. Mkewe akamsogezea chai, akaanza habari ya jirani aliyenunua kitanda kisichopita mlangoni, na jinsi walivyolazimika kukipitisha dirishani kipande kipande. Habari ilikuwa ya kuchekesha kweli, lakini hakuna aliyeisikiliza. Mzee alikuwa anamtazama bintiye kwa uchungu. Alikuwa na hakika sasa: wale wabaya walikuwa wamepata njia nyingine. Walipaka grisi kwenye vyuma, ikafutwa, wakaenda kumpaka matope masikioni mwa injinia. Na yeye, baba mtu, shahidi wa kweli, alikuwa amekaa kimya kwa kukwepa ugomvi. Aliona haya. Alijiambia kwamba kimya chake ndicho kilichomweka mtoto wake kwenye ndoo, na kwa namna ambayo hakuijua alikuwa amesema kweli.

---

Mashine ya kuvunjia zege ilianza kunguruma asubuhi, na watu wakatoka madukani. Zege lililokuwa halijamaliza hata kukomaa lilikatwa pande zote za kiungio cha kwanza, likatobolewa, likapasuliwa vipande. Vibarua wawili walikuwa wanakusanya vipande kwenye toroli. Pole pole vyuma vikaanza kuonekana, vimebanwa na mabaki ya zege kama mifupa yenye nyama, na palipobanduka paling'aa.

Bi Waya alikuwa na ndoo yake mita chache kutoka pale. Alimwona baba yake anaacha wavu. Alimwona anavua glavu, anazikunja, anazitia mfukoni, anatembea katikati ya barabara akiwa amenyooka, kama anakwenda kuposa. Alijua. Aliiweka ndoo chini ikapinduka, akaanza kukimbia, lakini kukimbia juu ya magunia yaliyolowa si kazi rahisi.

"Shikamoo, mzee," alisema injinia.

"Marahaba, mwanangu. Hebu izimwe hiyo mashine kidogo."

Mashine ikazimwa. Kimya kikawa kikubwa ghafla, na sauti ya mzee, iliyokuwa imejiandaa kushindana na mashine, ikatoka ya juu mno. Mpaka madukani walimsikia.

"Nasikia binti yangu ameshushwa kwa sababu ya vyuma hivi."

"Ni mambo ya kazi tu, mzee."

"Ndiyo, na mimi nimekuja kikazi. Aliyekwambia vyuma hivi havikuandaliwa amekudanganya. Viliandaliwa. Kuna watu walivipaka grisi kumkomoa, na mimi hapa nikavifuta kwa mkono wangu, jua halijatoka. Kwa mafuta ya taa na gunia. Hakuna hata kimoja nilichokiacha. Tazama mwenyewe vinavyong'aa." Alionyesha kwa kidole, na uso wake ulikuwa mzuri wakati ule, uso wa mtu anayemtetea mwanawe kwa ukweli mtupu. "Niite mbele ya mkubwa yeyote, nitasema hivihivi."

Kibarua mmoja wa toroli alicheka, akaacha haraka. Mapengo alikuwa anatazama buti zake. Bi Waya alifika akihema, na alipomwona injinia anamgeukia alijua kwamba hakuna tena cha kuokoa.

"Ulifuta wewe, mzee?" injinia aliuliza taratibu.

"Nilifuta mimi."

Kijana alivua kofia yake ngumu. Kisha, kwa sauti ya chini na kwa adabu zote, akamweleza mzee kazi ya ile grisi. Alimweleza vizuri, bila kumdharau, akitumia mikono yake miwili kuonyesha mabamba yanavyosogea. Afadhali angemtukana. Mzee alisikiliza, na kadiri maneno yalivyoendelea ndivyo ule mnyooko wake ulivyopungua. Mwishowe alichuchumaa, akakishika chuma kimoja, akakipitishia kidole gumba pale kilipong'aa.

"Kwa hiyo ilipakwa makusudi."

"Makusudi, mzee."

"Nusu nusu vilevile."

"Nusu vilevile."

"Na aliyepaka ni nani?"

"Mimi, baba," alisema Bi Waya.

Mzee hakuinuka. Aliuliza akiwa bado ametazama chuma. "Nilipokueleza mezani, ulijua papo hapo."

"Nilijua."

"Ukaniambia ahsante."

Bi Waya alijifuta kwenye nguo mikono iliyolowa maji ya ndoo.

"Na siku ile ya kwanza, ulipotaka kunieleza nikakucheka. Ni hili ulilotaka kunieleza?"

"Ni hilo."

"Kwa nini hukurudi kunieleza?"

"Ningekuelezaje, baba?" Sauti ilimpasuka, akaona haya mbele za watu, akaendelea tu. "Wewe ndiye uliyenifundisha. Nilikuheshimu."

Mzee aliinuka kwa shida, mkono mmoja gotini. Macho yake yalikuwa mekundu lakini makavu. "Heshima gani hiyo, mama? Mtoto mdogo akikojoa kitandani ndiye anayefichiwa, anabadilishiwa shuka, anaambiwa hujafanya kitu. Mimi ungeniambia. Ungeniambia mbele ya hawa wote, wakanicheka, ningelala usiku nikaamka ninajua. Sasa nimechekwa na kazi bado siijui."

Hata mwenye duka la vipuri aliacha plagi zake. Bi Waya alitamani ardhi ipasuke, na chini yake kulikuwa na zege.

Injinia alikohoa, safari hii kwa kutafuta la kusema. Akamvuta Bi Waya kando, hatua chache tu, kwa hiyo mzee alisikia yote. "Rudi kwenye kikosi chako. Ulinidanganya, hilo tutalizungumza siku nyingine. Ila mzee hawezi kubaki, unanielewa. Habari itafika juu, na ikifika nitaulizwa. Ni mtu wa kikosi chako, mwambie wewe mwenyewe."

"Amesikia."

"Nisamehe," kijana alisema, na alionekana anamaanisha.

"Kiungio hiki kitarudiwa leo," alisema Bi Waya. "Mwache amalize siku."

Injinia alimtazama mzee, akatazama mashine, akavaa kofia yake. "Amalize siku."

Mashine ikanguruma tena. Walivunja mpaka mchana, wakasafisha, wakaleta vyuma vipya kutoka stoo wakavilaza kwenye vishikizo vyake. Mzee alikuwa amekaa juu ya rundo la mbao, glavu mfukoni, hajaondoka na hajazungumza. Vijana walipita mbele yake wakimwambia pole, yeye akaitikia kila mmoja kama mtu aliyefiwa.

Bi Waya alileta kopo la grisi mwenyewe. Alilitua chini mbele ya kiungio, akasimama pale. Alitazama huku na huku. Kikosi chote kilikuwepo, Mapengo, vibarua wa toroli, watu wa madukani. Alitamani wangeondoka, na alijua kwamba wakiondoka itakuwa ni uongo uleule.

"Baba," aliita, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia. "Njoo nikufundishe."

Mzee alikuja. Alichuchumaa kando yake, taratibu, magoti yakilia. Bi Waya alimshika mkono, mkono ule mgumu wenye makovu ya waya, akauchovya ndani ya kopo, akauweka juu ya chuma. "Unaanzia mwisho huu. Unazungusha, usiache mahali pakavu. Unakomea hapa katikati, kwenye alama. Ukivuka alama unaharibu upande wa pili."

"Nyepesi hivi?"

"Nyepesi. Ikiwa nene zege linaacha uwazi, chuma kinacheza."

Mzee alipaka. Alipaka cha kwanza akamtazama, bintiye akatikisa kichwa, akarudia. Cha pili kilikuwa kizuri. Kufikia mwisho wa safu mikono yake ilikuwa imeshaijua kazi, na alipaka kwa unadhifu uleule aliofutia. Hakuna aliyecheka. Mapengo alichutama upande wa pili akawa anakagua alama, akisema tu, "Sawa, mzee. Sawa. Hiki nacho sawa."

Lori la zege lilikuwa linasikika likipanda kutoka kona ya chini. Jioni mzee angerudisha kofia na buti stoo, angekwenda nyumbani, na kesho angeamka asiwe na mahali pa kwenda. Wote wawili walilijua hilo. Alijifuta mikono kwa gunia, polepole, kidole kwa kidole.

"Mama," alisema. "Kuna kingine kwenye kazi hii ambacho sikijui?"

Bi Waya alitaka sana kusema hakuna.

"Vipo vingi, baba," alisema. Na wakati lori linarudi nyuma na watu wanakimbilia nafasi zao, alisimama karibu na baba yake, akaanza kumweleza kimoja baada ya kingine, na mzee akainamisha kichwa kumsogezea sikio, asikose neno.